Niliyojifunza Kati ya Marree na Marla

Baba yangu aliendesha malori kwa miaka mingi kati ya Tanga na Tunduma, na katika miaka yote hiyo sikumbuki siku hata moja aliyoondoka nyumbani bila kuaga. Hakuwa mtu wa kuagia mlangoni. Aliketi, akanywa chai yake, akamweleza mama atalala wapi usiku wa kwanza na wapi usiku wa pili, na nani wa kuulizwa Makambako iwapo siku ya nne ingepita kimya. Utotoni niliiona desturi hiyo kuwa ni kuchelewesha safari bure. Ilibidi nifike umri wa miaka 41, na nikeshe ndani ya gari lililoishiwa matairi katikati ya Australia, ndipo nikaelewa baba alikuwa akifanya nini pale mezani.

Ninaishi Adelaide, mji mkuu wa jimbo la Australia Kusini, ambako ninafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mzee mmoja niliyemhudumia kwa miaka miwili alikuwa amezaliwa kwenye ranchi ya ng'ombe huko kaskazini, na kila asubuhi nilipokuwa nikimvisha soksi alinisimulia habari za barabara ya Oodnadatta, njia ya vumbi yenye urefu wa takriban kilomita 620 inayotoka Marree hadi Marla ikifuata tuta la reli iliyokwisha kung'olewa. Alipofariki nilijikuta nikiijua barabara ambayo sikuwahi kuikanyaga. Mwezi Julai, ambao kule ni majira ya baridi na ndiyo wakati wa busara kwa safari ya namna hiyo, nikaomba likizo ya wiki moja na kuamua kwenda peke yangu. Mzunguko mzima, kwenda kwa njia ya vumbi na kurudi kwa lami kupitia Coober Pedy, ungekuwa karibu kilomita 2,400.

Nilijiandaa, lakini si vya kutosha. Kampuni nyingi za kukodisha magari haziruhusu magari yao kuingia barabara za vumbi, hivyo nilitafuta mpaka nikapata moja inayokodisha magari makubwa yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Nilibeba maji lita 40, dumu la dizeli, hema, mablanketi mawili, tende, mkate na pilipili ya kusaga. Gari lilikuwa na tairi moja la akiba. Yule mzee alikuwa amenikariria mara nyingi kwamba ni lazima yawe mawili, nami nikajiambia kwamba wazee hupenda kutisha. Jambo moja la maana nililifanya: niliandika kwenye karatasi vituo vyangu vyote pamoja na saa ninazotarajia kufika, nikamwachia jirani yangu, mama wa Kirundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ambaye Kiswahili chake ndicho kinachonifariji ninapokumbuka nyumbani. Nikamwahidi kwamba nitampigia simu kila kituo.

Siku ya kwanza ilikuwa ya lami na mashamba ya ngano. Baada ya Quorn, ukielekea Hawker, ngano hutoweka na mahali pake huja nyumba za mawe zisizo na paa, zimesimama peke yake kwenye nyasi kavu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikipelekwa na shule kuona magofu ya Tongoni, kwa hiyo gofu halinishangazi. Lakini haya yana kisa chake. Mwaka 1865 mpima ardhi wa serikali, George Goyder, alichora mstari kwenye ramani na kusema kwamba kaskazini yake mvua haitoshi kulima nafaka. Ikaja miaka michache ya mvua nzuri, watu wakamwona Goyder mwoga, wakavuka mstari, wakajenga na kulima. Ukame uliofuata katika miaka ya 1880 uliwarudisha kusini, wakaziacha nyumba. Nilisimamisha gari, nikaingia ndani ya moja. Sehemu ya moto ilikuwa bado nyeusi kwa masizi, na dirisha lilitazama uwanda ambao hata mbuzi wa Handeni angefikiri mara mbili kabla ya kuushuka.

Marree ni mji mdogo sana, wenye hoteli kubwa ya ghorofa mbili isiyolingana nao hata kidogo. Huko ndiko lami inakokwisha. Reli ilipokuwa hai, mji huo uligawanyika: Wazungu upande mmoja wa njia ya treni, na upande wa pili Waaborijini pamoja na wale walioitwa Waafghani. Hao walikuwa wachunga ngamia walioletwa kuanzia miaka ya 1860 kutoka nchi ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan na India, wote wakapewa jina moja kwa sababu hakuna aliyejali kuwauliza. Ngamia wao ndio waliobeba nguzo, chakula, sufu na maji kabla ya reli na malori, na treni iliyokuja baadaye ikaitwa Ghan kwa ajili yao. Malori yalipozidi, ngamia wengi waliachiwa waende porini, na wajukuu wao wanazurura huko mpaka leo kwa mamia ya maelfu.

Nilikuwa nimesoma kwamba upo msikiti Marree. Nilioukuta ni kibanda cha kuta za udongo kilichojengwa upya kwa mfano wa msikiti wa zamani, hakina mlango wala jamvi. Nilivua viatu hata hivyo. Kando ya mji imesimama mitende waliyoipanda wale wachunga ngamia, na nilipoiona nilicheka peke yangu, kwa kuwa tangu Adelaide nilikuwa nikila tende za pakiti. Watu wamevuka bahari, wamenyimwa haki ya kuleta wake zao, wamewekwa ng'ambo ya reli, na bado wakapanda mti ambao mpandaji husubiri miaka kuula.

Mwanzoni mwa njia ya vumbi pana ubao mkubwa unaoorodhesha vipande vya barabara na kueleza kipi kimefunguliwa na kipi kimefungwa. Mvua ikinyesha kule, udongo hugeuka kuwa uji, na anayepita barabara iliyofungwa hutozwa faini. Siku hiyo vyote vilikuwa wazi. Nilipunguza upepo wa matairi kutoka paundi 38 hadi 28, kama mzee alivyonielekeza, ili tairi lilale kidogo na kuyapokea mawe kwa ulaini, kisha nikaingia. Barabara imejikunja kama bati. Ukienda polepole, gari hutetemeka mpaka meno yanagongana. Ukienda kasi zaidi, magurudumu hupita juu ya mikunjo na unadhani umepata nafuu, kumbe usukani haukutii tena. Ilinichukua saa nzima kuupata mwendo wa kati, kama kilomita 70 kwa saa, ambao gari na mimi tuliukubali.

Magari yalikuwa machache. Unaliona vumbi kwanza, mbali sana, kisha nukta, kisha gari, na dereva anapokupita anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hatabasamu wala hatikisi kichwa. Ni kidole tu, nawe unainua chako. Siku ya kwanza nilidhani ni adabu ya kawaida, mfano wa taa tunazomulikiana Chalinze kuonyana kuhusu askari. Baadaye nilielewa kwamba kile kidole kina kumbukumbu ndani yake: nimekuona, gari jeupe, unaelekea kaskazini, saa nane mchana.

Ziwa Kati Thanda, ambalo ramani nyingi huliita pia Lake Eyre, ni chumvi tupu mpaka macho yanaishia. Sehemu yake ya chini kabisa iko takriban mita 15 chini ya usawa wa bahari, na maji huja miaka ya mafuriko tu. Cha kustaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni chemchemi zilizo karibu na hapo. Chini ya bara hilo pamelala hazina ya maji iliyoenea zaidi ya moja ya tano ya Australia, na katika sehemu hizo maji hujipenyeza yenyewe hadi juu na kujijengea kilima kidogo cha chokaa na udongo. Nilisimama ukingoni mwa moja nikatazama tope likichemka polepole kama ugali unaoanza kushika. Wenyeji wa nchi hiyo, Waarabana, walikuwa wakienda kutoka chemchemi moja hadi nyingine. Mpelelezi John McDouall Stuart akazifuata, nyaya za simu ya maandishi zilizokamilika mwaka 1872 zikamfuata Stuart, reli ikafuata nyaya, na barabara ikafuata reli. Kwa hiyo hata mimi, na gari langu la kukodi, nilikuwa nikifuata maji bila kujua.

William Creek ni hoteli moja, uwanja wa ndege ndogo na watu wa kuhesabika kwa vidole. Nililala hapo kwenye hema, na jioni mmoja wa wahudumu alinisimulia habari ya watalii wawili wa Austria ambao gari lao lilinasa mchangani kando ya ziwa mwezi Desemba 1998, wakati wa joto kali. Walikuwa na maji. Mwanamke alichukua maji akaanza kutembea kuelekea William Creek, akafa njiani. Mwenzake alibaki kwenye gari, akaokolewa akiwa hai. Mhudumu hakuongeza neno. Alifuta meza, akaniuliza natoka saa ngapi na nimemwambia nani.

Nilimjibu kwamba jirani yangu anajua. Ilikuwa kweli nusu. Karatasi ilisema kwamba nimpigie kutoka hapo kabla ya kuondoka. Lakini asubuhi nilichelewa kuamka, nikajivuta na chai, nikaongea na mtu aliyekuwa akitengeneza ndege, na ilipofika saa sita mchana nikasema nitapiga jioni nikifika Oodnadatta, kituo changu kinachofuata, tofauti ni saa chache tu. Kilomita 200 si kitu. Nikajifunga mtandio wangu, nikaondoka.

Pancha ya kwanza niliipata baada ya kilomita 110 hivi. Husikii mlio, gari linaanza kuvutwa upande mmoja kama punda aliyeona maji. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na mimi kama mkubwa ndiye niliyekuwa utingo wake nyakati za likizo, kwa hiyo kubadilisha tairi ni kazi niliyoijua kabla ya kujua kusonga ugali. Nililegeza nati kabla ya kuinua gari, kila moja robo mzunguko, huku nimesimama juu ya mpini wa spana kwa uzito wangu wote. Nikaweka jeki. Jeki ikazama mchangani taratibu, gari likabaki pale pale. Nikachimba kwa mikono, nikalaza ubao wa kukatia nyama chini yake, nikajaribu tena, na safari hii gari likakubali kupanda. Kabla ya kuchomoa gurudumu nilisukuma tairi la akiba chini ya fremu, kama nilivyofundishwa, ili jeki ikiteleza gari liangukie tairi na si mguu wangu. Nzi walikuwa wakinywa kwenye kona za macho yangu, na sikuwa na mkono wa kuwafukuza.

Katikati ya kazi hiyo walipita wazee wawili, mume na mke, wanavuta nyumba ya magurudumu kuelekea kusini. Walisimama, wakauliza kama nahitaji msaada. Nilijivunia jeki yangu, nikawaambia hapana. Mama akauliza ninakwenda wapi. Nikamjibu, "Mbele tu." Nalikumbuka jibu hilo na kuona aibu hata sasa, maana mtu aliyekuuliza unakwenda wapi mahali kama pale hakuulizi kwa umbea.

Niliendelea, nikalipita daraja la zamani la reli la Algebuckina, chuma chenye urefu wa mita 578 kilichojengwa mwaka 1892 juu ya mto ambao siku hiyo ulikuwa na vidimbwi tu, nikapiga picha moja na kuondoka haraka kwa sababu jua lilikuwa linainama. Dakika ishirini baadaye tairi la nyuma la kulia likaisha upepo. Zilibaki kilomita zisizozidi 40 kufika Oodnadatta. Sikuwa na tairi jingine, na simu haikuwa na mtandao tangu Marree, isipokuwa pale penye makazi.

Niseme ukweli, wazo la kutembea lilinijia. Kilomita 40 kwenye ubaridi wa usiku, barabara imenyooka, nina miguu mizima: kichwa kilinijengea hoja hiyo vizuri kabisa. Kilichonizuia hakikuwa hekima yangu, ni ile meza iliyofutwa William Creek. Nilisogeza gari nje ya barabara kwa mwendo wa kinyonga, nikainua kifuniko cha injini kama ishara, nikahesabu maji yangu nikakuta lita 31, kisha nikaketi. Magari hayapiti kule usiku, na kwa sababu nzuri, kwani ng'ombe na kangaruu hukaa barabarani kama sebuleni kwao. Baridi iliingia kwa kasi. Nilijifunika mablanketi yote mawili nikasikia mbwa mwitu wa kule, dingo, wakiitana mbali. Sikuogopa sana. Kilichoniumiza kilikuwa kile kipande cha karatasi kilichobandikwa jikoni kwa jirani yangu, kikisema: Oodnadatta, saa 11 jioni.

Saa moja na nusu asubuhi likaja gari la ranchi kutoka kaskazini, limejaa waya na magogo. Dereva, kijana mwenye kofia iliyopauka, alishuka bila haraka, akanitazama, akataja jina langu. Alilitamka vibaya, lakini lilikuwa jina langu. Akasema, "Kuna mama Adelaide hajalala kwa ajili yako."

Nilipofika Oodnadatta, nimepakiwa pamoja na matairi yangu mawili kati ya waya, nilielezwa mambo yalivyokwenda. Jirani yangu, ambaye hajawahi kupita mji wa Port Augusta na Kiingereza chake ni cha sokoni, alisubiri mpaka saa moja jioni. Kisha alimwambia mwanawe amtafutie namba ya kituo cha mafuta cha Oodnadatta, jengo lililopakwa rangi ya waridi ambalo kila msafiri hulazimika kusimama. Wakamwambia sijafika. Akapiga William Creek. Pale hotelini walikuwa wameketi wale wazee wawili wakila chakula cha usiku, wakasema ndiyo, tumemwona mwanamke mwenye mtandio wa bluu akibadilisha tairi, kilomita mia moja na kitu kaskazini, alikuwa na maji na alikataa msaada. Ripoti hiyo ikarudi Oodnadatta. Huko wakapiga hesabu: ana maji, ni majira ya baridi, yuko barabarani na si nje yake, hakuna haja ya kuhatarisha gari jingine usiku, atafuatwa alfajiri. Walikuwa wametulia kuliko mimi.

Nikampigia. Nilitarajia machozi. "Mwanangu," akasema, "umekula?" Nilipojibu kwamba nimekula, ndipo akaanza kunigombeza, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, kwa muda wa dakika kumi, na yule mama wa kituo aliyekuwa akinipimia tairi jipya alijifanya haelewi, ingawa sauti ya kugombezwa haihitaji mkalimani.

Safari iliyobaki ilikwenda salama, na sina mengi ya kuisemea. Nilifika Marla nikakanyaga lami ya barabara kuu ya Stuart, ambako malori yanayovuta matela matatu, hadi mita 53 na nusu kutoka pua hadi mkia, hukupita na kulitikisa gari kama dirisha lililoachwa wazi. Coober Pedy, mji wa wachimba opali ambako watu wengi huishi ndani ya nyumba zilizochimbwa chini ya ardhi kukwepa joto, nililala usiku mmoja tu, nikapiga simu kabla hata ya kushusha begi. Kila nilipopishana na gari niliinua kidole, na nilipoona mtu amesimama kando niliteremka kumuuliza anakwenda wapi. Mmoja alinijibu anakwenda mbele tu. Nikamsubiri mpaka akataja jina la mji.

Siku niliyorudi Adelaide nilimpelekea jirani kipande cha opali cha bei nafuu na pakiti ya tende. Alinirudishia karatasi yangu. Pembeni ya maneno "Oodnadatta, saa 11 jioni" alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu namba tatu za simu: ya kituo, ya William Creek, na ya tatu, ambayo hakuwahi kuitumia, ya kituo cha polisi cha Oodnadatta. Mbele ya hiyo ya tatu alikuwa ameandika saa: 12 asubuhi. Nikamuuliza ina maana gani. Akasema ndiyo saa aliyokuwa amejiwekea.